Karatasi ya Marasu

Nilipokabidhi funguo za ukumbi Jumatatu iliyopita, ninyi vijana wawili mlionipokea mliniuliza swali moja tu: huu ufunguo mdogo ni wa nini? Nikawajibu, wa kabati la michezo. Nikiwa njiani kurudi Shirimatunda nikaona nimejibu kidogo mno, maana katika kabati lile mna miaka yangu karibu ishirini na mitano. Basi nimenunua daftari hili. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyosheni mkisoma. Sitaandika habari za mshahara, wala jinsi nilivyopanda kutoka mfagiaji hadi mtunza ukumbi. Kupanda kwenyewe kulikuwa kubadilishiwa ufagio.

Siku yangu ya kwanza nilishuka kutoka kwetu Uru, mlimani, na ufagio wa mama begani, maana sikujua kama wenye ukumbi wana mafagio yao. Aliyenifungulia mlango alikuwa Mzee Yohana, mkumbushaji. Mkumbushaji ni yule anayekaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo, mwigizaji akisahau maneno amnong'oneze. Mzee Yohana aliutazama ufagio wangu, akautazama na ule wa ukumbi, akasema, "Wako ni mzuri zaidi. Usiuache hapa, nitakuibia." Nikampenda papo hapo.

Alinifundisha kazi yake kabla sijajua kwamba ninafundishwa. "Kaspari, nong'ona kwa tumbo, siyo kwa koo. Koo linasikika mpaka benchi la tano." Na tena: "Mtu akinyamaza, mtazame mabega. Yakipanda, anavuta pumzi, mwache. Yakishuka, amesahau, mpe neno." Nimekumbusha watu kwa mabega yao miaka yote hiyo na sijaona kanuni iliyo bora. Huenda ipo, mimi sijaiona.

Macho ya Mzee Yohana yalipoingia ukungu nikarithi kiti chake na penseli yake. Ilikuwa ile penseli ya zambarau inayotaka kulambwa ndipo iandike vizuri. Wiki za kunakili mdomo wangu ulikuwa rangi ile ile, na padre mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeingia kwenye mzambarau wa misheni bila ruhusa. Sikuwa nimeingia. Mwaka ule, nataka kusema.

Kunakili ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mwalimu Severini, aliyetutungia michezo, aliandika kitabu kimoja tu kwa mkono wake, nacho nilikaa nacho mimi. Kila mwigizaji alipewa karatasi yenye maneno yake peke yake. Juu ya kila neno lake niliandika maneno matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia, na hayo tuliyaita mkia. Ukisikia mkia wako, zamu yako imefika. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibosho aliyeigiza kwa miaka sita bila kujua mchezo hata mmoja ulihusu nini. Alijua mikia. Alikuwa mwigizaji mzuri sana.

Miaka hiyo watu wabaya wa michezo yetu waliigizwa na Lasaro, mwuza nyama wa Bomang'ombe, kwa ajili ya sauti yake. Lasaro aliingia akicheka. "Ha! Ha! Mimi ndimi fisi wa fisi! Leo nitawamaliza!" Benchi za mbele zilimrushia maganda ya ndizi, naye alishukuru kwa kuinama, na watu wote walirudi nyumbani wamefurahi. Mama mmoja aliyekuwa akinunua nyama kwake tangu zamani alimkimbia mwezi mzima baada ya mchezo. Lasaro alinilalamikia kwa heshima ya mlimani, "Mbe Kaspari, mimi namkatia nyama ya paja, yeye anaona fisi!" Kwa haki, Lasaro hakuwa na kosa. Aliigiza alichoandikiwa.

Ndipo siku moja Mwalimu Severini, tukipanga benchi, akaniuliza, "Kaspari, tangu uzaliwe umewahi kukutana na mtu mbaya anayeingia akicheka?"

Nikafikiri kwa kirefu, maana sikutaka kumjibu ovyo. "Sijawahi, Mwalimu."

"Hata mimi. Basi kwa nini tunawaandika hivyo?"

Akaenda kwake Kibosho, na alipoteremka tena alikuwa na Maji ya Ndekirwa.

Mchezo huo haukuigizwa tena tangu mwaka ule, kwa hiyo nawaeleza. Ndekirwa ndiye mwangalizi wa mfereji, anayegawa zamu za maji. Mdogo wake, Kiria, analima upande wa chini wa mfereji. Maji yanaanza kukatika, na Ndekirwa anaanza kuamini kwamba mdogo wake anayaiba. Wanagombana. Kiria anajuta kwa maneno makali aliyosema, anakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la ukoo, analifunga fundo, anampa jirani yao Marasu ampelekee kaka yake. Ninyi wa mlimani mnajua, na ninyi wa mjini mjue: jani la sale likiletwa kwako kuombea msamaha, huwezi kulikataa. Ukilikataa umejitakia laana. Sasa Marasu, ambaye ndiye anayekata maji yale na kuyaelekeza kwake, analificha jani ndani ya mgolole wake, ile shuka anayojitanda kifuani. Ndekirwa anangoja jani, halifiki. Anamvunjia mdogo wake chungu cha laana. Kiria anakufa. Jani linapatikana baadaye, limekauka, fundo lake bado limefungwa.

Mwalimu alihangaika wiki nzima kutafuta jina ambalo si la ukoo wowote mlimani, asije akashitakiwa. Ndiyo maana Marasu anaitwa Marasu.

Niliinakili karatasi yake kwenye veranda ya nyuma ya ukumbi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mwenye kitabu kizima halioni upesi. Katika karatasi ile, iliyotengwa na maneno ya wenzake, hapakuwa na neno baya hata moja. Niliisoma mara tatu. "Kiria ni mpole, ndugu yangu. Hata watu wanapomsema, mimi ndiye ninayewakataza." Maneno ya mtu mwema, si ndiyo? Lakini ngoja. Kabla ya hapo Ndekirwa hakujua kama kuna watu wanaomsema mdogo wake. Sasa anajua, na aliyemwambia amehesabiwa kuwa mtetezi.

Nikaendelea kulamba penseli na kuona mengine. Marasu hajitaji popote kuwa ametenda. Maji "yamekatika". Maneno "yamesemwa". Kwa Ndekirwa, ambaye ni mtu mzima na anapenda kuheshimiwa, anasema kwa methali. Kwa Kiria anasema kwa utani. Kwa Manka, mke wa Ndekirwa, ana maneno machache sana: "Shemeji, nimekuja kumwona mwenye nyumba." Basi. Nilidhani Mwalimu amesahau kumwandikia mengine, kumbe Manka ndiye asiyemwamini. Mahali Marasu anapopunguza maneno ndipo anapoogopa. Na anapoulizwa habari za mdogo mtu, huku jani liko kifuani, anasema: "Nimetoka kwake sasa hivi. Itazame mikono yangu." Mikono ni mitupu kweli. Mtu yule hasemi uongo tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilimwuliza Mwalimu kwa nini hakumpa mahali pa kusimama peke yake awaambie watu ubaya wake, kama Lasaro alivyozoea. Akasema, "Mtu wa namna ile hata akiwa peke yake hajiambii."

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na nitaliandika lote.

Vita vilikuwa vimekwisha lakini karatasi zilikuwa bado adimu. Mwalimu aliandika vitendo pembeni mwa kitabu kwa herufi ndogo kama sisimizi: anakaa, anatoka, anaficha jani. Nami, ili kubana karatasi, nilinakili maneno tu. Vitendo nikaviacha. Nilijiambia kwamba Mwalimu atawaonyesha siku ya mazoezi ya pamoja.

Karatasi ya Marasu nilimpelekea Bakari bin Juma, fundi cherehani wa mjini, kijana wa Kiislamu, baba yake Mmanyema na mama yake Mpare. Aliingia ukumbini mara ya kwanza kushona pazia letu la kitambaa cha marekani, akabaki, maana alikuwa na sauti tulivu ambayo watu waliinyamazia. Mwalimu aliniambia tu, "Mpe Bakari Marasu." Nami nikampa. Hakuniuliza Marasu ni nani, nami sikumwambia.

Mwaka ule masika hayakutaka kuisha. Njia za mlimani zikawa utelezi mtupu, na waigizaji wa Uru na Kibosho wakashindwa kushuka wiki tano. Kwa hiyo Bakari alijifunza na mimi, barazani kwake. Yeye anakanyaga cherehani, mimi nimekaa juu ya kigoda nikimtupia mikia.

"'...wangu yuko wapi?'" namtupia.

"'Nimetoka kwake sasa hivi,'" anajibu, bila kuinua macho kwenye mshono. "'Itazame mikono yangu.'" Na aliisema kwa upole ambao ungemtuliza ng'ombe mkali.

Baada ya wiki ya kwanza akasema, "Mzee Kaspari, huyu Marasu ni mtu wa watu! Kila siku njiani, huku kwa kaka, huku kwa mdogo, anapatanisha. Mwalimu amenionea huruma kunipa mtu kama huyu wakati huu."

Wakati huu, kwa sababu Bakari alikuwa ameposa. Binti ni Zaituni, wa Mzee Athumani mwoka mikate, na Mzee Athumani alikuwa hajajibu. Hakuwa na shaka na kazi ya Bakari wala na dini yake. Alisema tu, "Mimi simjui mtu huyu kwa ndani." Basi Bakari akaona mchezo ndio njia. Akamwalika mkwe mtarajiwa, benchi la mbele kabisa, aje amwone kwa ndani.

Siku hiyo hiyo aliponiambia habari za mwaliko, alikuwa amefika kwenye neno la mwisho la karatasi yake, pale wanapomkuta Marasu na jani. Maneno yake ni haya: "Hakuna aliyeniuliza kama kuna jani." Bakari akasimamisha cherehani.

"Jani gani, Mzee Kaspari? Katika karatasi yangu hakuna jani."

Hapo ningeweza kumwambia. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini nilikuwa nimemsikiliza wiki tatu akisema maneno ya Marasu kwa moyo mweupe, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile katika ukumbi ule. Nikaogopa akijua ataanza kucheka kama Lasaro. Nikajibu, "Utaliona siku ya mazoezi." Jibu la kweli kabisa. Litazameni vizuri.

Kuna mtu mmoja aliyetambua bila kuambiwa. Zaituni alikuja barazani na shangazi yake kuchukua gauni, na Bakari, kwa kujisifu, akawasomea nusu ukurasa. Shangazi akasema mashaallah. Zaituni akakunja gauni lake taratibu.

"Huyo Marasu wako," akasema, "mtaa mzima hana hata mtu mmoja aliyegombana naye?"

"Hata mmoja!" Bakari akasema kwa fahari.

"Basi ana jambo."

Wakaondoka. Bakari akacheka, "Wanawake bwana!" Mimi nikajifanya natafuta penseli.

Mvua zilipokatika, wa mlimani wakashuka Alhamisi, na mchezo ulikuwa Jumamosi. Lasaro alikuwa ndiye Ndekirwa, na Mwalimu alikuwa amemkataza kwa maandishi asicheke. Tulifika kwenye jani. Yule aliyemwigiza Kiria akampa Bakari jani la sale lililofungwa fundo. Bakari akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaanza kulipeleka moja kwa moja kwa Lasaro.

"Siyo kwake," Mwalimu akasema. "Ndani ya mgolole."

"Lisinyauke?" Bakari akauliza.

"Asilione."

Niliyaona mabega ya Bakari yakishuka, lakini safari hii hakuwa amesahau neno. Alikuwa akiyakumbuka yote, moja moja, tangu la kwanza.

"Yaani," akasema, "huyu mtu ni mbaya?"

Lasaro ndiye aliyeangua kicheko. "Yeleuwi! Mwenzangu, umelala na fisi mwezi mzima ukidhani ni mbuzi! Karibu kazini!"

Bakari akampita. Alikuja nyuma ya pazia nilipokaa. "Mzee Kaspari, ulijua?"

Nikasema, "Karatasi zilikuwa chache."

Akavua mgolole, akaukunja kwa ufundi wake wote, akauweka mapajani mwangu. "Nimemwalika mzee wa watu aje anione kwa ndani. Sasa mtafuteni mwingine." Akaenda zake.

Hakukuwa na mwingine. Tangazo lilikuwa limebandikwa, watu wa Holili walikuwa wameshatuma salamu kwamba wanakuja na lori. Mwalimu alimfuata Bakari nyumbani, nami nikamfuata Mwalimu, hatua kumi nyuma kama mtu aliyeiba kuku. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwambia, "Sikuombi uwe mbaya. Sema kama ulivyosema siku zote. Usibadili hata pumzi. Jani peke yake ndilo litakalosema mengine."

Bakari akashona kipande kirefu. Mwishowe akauliza, "Na Mzee Athumani?"

Mwalimu alikuwa mtu mkweli. "Hilo silijui," akasema.

Sijui mpaka leo kwa nini alikubali. Mimi nadhani ni kwa sababu ya lori la Holili. Bakari hakuweza kumwacha mtu amevaa nguo iliyoshonwa nusu.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tuliigiza mchana ili watu wa mlimani wapande kabla ya giza, na jua liliingia kwa dirisha la magharibi likampiga Bakari usoni vizuri kuliko taa yoyote. Nilikaa na kitabu, lakini sikukumbusha mtu hata mara moja. Mzee Athumani alikaa mbele na kofia yake nyeupe, na katika sehemu ya kwanza nilimwona akitikisa kichwa kwa kumkubali Marasu. Akamwambia jirani yake, nami nikasikia, "Umemwona kijana? Mpatanishi!"

Jani likaingia kwenye mgolole. Ukumbi ukavuta pumzi moja. Na Bakari, kwa sauti ile ile ya barazani, ile ya kutuliza ng'ombe, akamwambia Lasaro, "Nimetoka kwake sasa hivi. Itazame mikono yangu."

Bibi mmoja wa Kibosho akasimama juu ya benchi. "Usimwamini! Liko kifuani! Baba, mpapase kifuani!"

Hakuna aliyerusha ganda. Watu walikuwa wanamsihi Lasaro. Mmoja alipiga magoti. Lasaro, mtu wa fisi wa fisi, alikivunja chungu akilia machozi ya kweli, na baadaye aliniapia kwamba alitamani kupita nje ya maandishi akamkabe Bakari. Na pale mwisho, walipomkuta na jani kavu, Bakari akawatazama wote kwa mshangao mwema kabisa na kusema, "Hakuna aliyeniuliza kama kuna jani." Nilisikia mtu akisema nyuma, polepole, "Namjua mtu huyu. Anakaa kwetu." Baadaye niligundua watu wa vijiji vinne walisema vivyo hivyo, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akimtaja jirani tofauti.

Makofi yalipokwisha, mahali pa Mzee Athumani palikuwa patupu.

Jumapili akaleta neno kupitia yule shangazi wa Zaituni: posa isimame. "Mtu aliyenifanya nimpende saa nzima huku ananidanganya, nimpe binti? Atanidanganya miaka mingapi?" Kwa haki, si maneno ya mjinga.

Bakari hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Alikuwa akishona tu, na mshono wake, mara ya kwanza tangu nimjue, ulikuwa umepinda. Nikakaa juu ya kigoda changu mpaka nikashindwa. Nikamwambia, "Mzee Athumani mama yake alikuwa Mchagga wa Machame."

"Najua. Inahusu nini?"

"Mtu wa mama Mchagga hakatai sale."

Bakari akaacha kukanyaga. "Mimi si Mchagga, Mzee Kaspari."

"Jani haliulizi kabila."

Nilipanda Uru siku hiyo, nikakata jani kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba, nikamletea Bakari, akalifunga fundo mwenyewe. Alilifunga kwa fundo la kishonaji, lakini nilinyamaza. Akanikabidhi. Nikalishika mkono wa kulia, nikaunyoosha juu kama mshumaa wa Pasaka, nikapita nalo hivyo mtaa mzima, mchana kweupe, kila mtu alione. Watoto walinifuata. Mwuza kahawa akapaza sauti, "Mzee Kaspari, unaogopa nini?" Nikamjibu, "Naogopa kifua changu!"

Njiani nilitunga maneno nitakayosema. Karatasi zilikuwa chache. Vitendo viliachwa. Kijana hakuambiwa. Nilifika kwenye kona ya tanuri la mikate nikasimama, maana nilisikia nani anayesema. Ilikuwa ni karatasi ya Marasu, mambo yakijitenda bila mtendaji, mdomoni mwangu mimi, bila kukumbushwa.

Mzee Athumani alikuwa mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi. Zaituni alikuwa ndani akipanga mikate, yaani akiipanga ile ile mara ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaliona jani. Akanitazama mimi. "Wewe ndiwe ukaaye nyuma ya pazia?"

"Ndimi. Mzee, kijana huyu hakukudanganya. Alidanganywa. Niliyemdanganya ni mimi. Nilinakili maneno nikaacha vitendo, akaniuliza jani gani, nikamficha. Alikualika kwa moyo safi akidhani Marasu ni mtu mwema."

"Mwezi mzima hakujua?"

"Mpaka Alhamisi."

"Maneno yale yote, aliyasema kwa kuyaamini?"

"Kwa kuyaamini, mzee. Ndiyo maana hata wewe uliyaamini."

Ndani Zaituni akasema, kama anayeiambia mikate, "Hata mimi nilimwambia yule mtu ana jambo. Akacheka."

Uso wa Mzee Athumani ukaanza kutikisika, unga ukamdondoka. "Subhanallah. Mwezi mzima anasema maneno ya shetani akidhani ni ya malaika! Mtu asiyetambua ubaya hata akipewa kwa maandishi! Na mimi namwogopa huyu?" Kisha akajikaza. "Ngoja. Wewe mjumbe, nami niitazame mikono yako."

Nikainyoosha. Mmoja una jani, mwingine mtupu.

"Vua koti."

Nikavua.

"Geuza mifuko!"

Nikageuza. Ikaanguka penseli ya zambarau, kipande cha muhogo, na ufunguo mdogo wa kabati. Mtaa mzima ulikuwa umeshasimama kutazama. Mzee Athumani akavitazama vitu vyangu kama hakimu, akacheka mpaka akashika mlango, akalipokea jani kwa mikono miwili.

Harusi ilikuwa baada ya Idi. Pilau ililiwa ndani, na sisi wa mlimani tulikaa ng'ambo ya ua na mtori wetu wa ndizi, na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, tulichokiacha nje ya lango kwa heshima ya nyumba, tukawa tunatoka mmoja mmoja kukijulia hali. Lasaro alileta mbuzi, aliyechinjwa na Mwislamu kama inavyotakiwa. Mpaka leo sokoni wanampigia Bakari kelele, "Marasu! Tuonyeshe mikono!" naye huiinua yote miwili, futi ya kupimia ikining'inia. Zaituni huongeza, "Na kifua!"

Tangu mwaka ule nilinakili vitendo vyote, hata "anakohoa". Nanyi fanyeni hivyo, karatasi zikiwa nyingi au chache. Bawaba za mlango wa nyuma zinataka mafuta kila mwezi. Benchi la tatu lina msumari. Na mkimpa mtu karatasi, mwambieni yeye ni nani.

Mtakapofungua kabati mtakuta kitabu cha Maji ya Ndekirwa na karatasi zake zote isipokuwa moja. Msihangaike kuuliza imepotelea wapi. Haikupotea. Nimeichukua mimi, Kaspari, siku ile ya funguo, nikaiweka ndani ya koti mkiwa mnanitazama mikono.